Dorika na Mganga wa Vichaa

Mwaka ule Malkia alipovikwa taji huko kwao Ulaya, watu wa Makambako waliagizwa wafurahi. Jumbe alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba furaha itaanza asubuhi, bendera ikishapandishwa, na atakayekosa bila sababu atajieleza. Watoto wa shule waliahidiwa peremende. Ng'ombe akachinjwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wimbo wa kumwombea Malkia ulipoanza, ndipo mwanamke mmoja katikati ya umati akaangua kilio.

Wala hakulia kwa adabu, kwenye pindo la kanga. Alilia kwa sauti yake yote, hata watoto wakaacha kuimba ili wamtazame. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliyekuwa amekuja kutoka Njombe na kofia yake nyeupe ya sherehe, alimwinamia karani wake akauliza kama hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mila.

Mwanamke huyo alikuwa Dorika, mjane mwenye kibanda cha chai pale njia panda, mahali magari ya Iringa, Mbeya na Njombe yanapoachana. Madereva walimjua kwa maandazi yake na kwa ulimi wake. Mumewe alifia kwenye mkonge huko Tanga, na msiba ule Dorika aliubeba bila kuinama. Akamlea binti yao wa pekee, Ema, kwa moshi wa kibanda, mpaka Ema akawa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya misheni Kifanya. Huko aliishi kwa baba yake mkubwa, Hezekia, mzee wa kanisa. Masika ya mwaka uleule, Ema akashikwa na kichomi. Hezekia alituma habari kwa dereva wa lori, lori likazama kwenye tope, na Dorika alipofika Kifanya hatimaye, kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa na waombolezaji wamekwisha kula.

Tangu hapo usingizi ulimhama. Alichemsha maji ya chai akasahau kutia majani. Madereva waliyanywa maji yale ya moto yenye sukari, wakanyamaza kwa heshima, kisha wakahamia kibanda cha jirani kwa heshima ileile.

Ushauri haukumpungukia. Makambako ya siku zile ilikosa sabuni, ikakosa mafuta ya taa, lakini ushauri ulijaa tele. Jirani yake Idda alimwambia anywe ulanzi, pombe ya mianzi, mpaka asahau. Akanywa, akasahau mahali alipoweka funguo, lakini hakumsahau Ema. Mwinjilisti alimweleza kwamba huzuni ikipita kiasi huwa ni manung'uniko mbele za Mungu, ila kiasi chenyewe hakukitaja. Bwana wa zahanati, aliyekuwa na kwinini na chumvi ya haluli tu, alifikiri sana, akampa haluli. Dorika akaendelea kuhuzunika kama kawaida, safari hii akiwa chooni.

Baada ya kilio cha siku ya Malkia, Hezekia alifunga safari kutoka Kifanya. Hakuja kwa sababu ya machozi. Machozi ya shemeji yake alikuwa ameyazoea. Kilichomtia hofu ni mahali yalipomwagikia. Siku zile mtu akilia mbele ya bendera, Boma lingeweza kuuliza analilia nini, na nani amemtuma. Hezekia aliona heri mgonjwa kuliko mchochezi. Akamweleza Dorika kwamba atampeleka hospitali ya Njombe, ili wakubwa wasikie kwamba mama huyu anaumwa tu. Alikuwa amejiandaa kumbembeleza na hata kumtisha. Hakupata nafasi.

"Shemeji, ningekwenda hata bila wewe," Dorika alisema. "Naumwa. Sijui kinachoniuma kinakaa wapi, lakini naumwa, nami nataka mtu ambaye kazi yake ni kujua."

Wakapanda lori lililokuwa likienda kuchukua maganda ya miti ya miwati, wakashuka Njombe katikati ya ukungu na baridi. Daktari Mzungu alimpokea na kiko mdomoni. Akausikiliza moyo wake mbele na nyuma, akatangaza kupitia kwa karani wa hospitali kwamba ni moyo mzima, wa kudumu miaka mingi. Hezekia alishukuru, akachukua kofia yake. Dorika hakunyanyuka kwenye benchi.

"Mwambie," alimwambia karani, "moyo alioupima siyo huo ninaousema mimi."

Karani alisita, akatafsiri. Daktari akatoa kiko mdomoni, akamtazama yule mama kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akataja jina moja: Kornelio.

Kornelio alikuwa Mpangwa wa Lugarawa, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Dodoma, kisha akahamishiwa kwenye baridi ya Njombe. Wenyeji walimkaribisha vizuri: walimwita Mganga wa Vichaa, na alipoketi mahali walikumbuka shughuli kwingine. Hezekia aliposikia jina hilo alisema atangoja nje. Ndugu wa kichaa huangaliwa kwa jicho la kichaa. Isitoshe, Kornelio alikuwa Mkatoliki, na Hezekia hakuwa na hakika lipi kati ya hayo mawili huambukiza upesi zaidi.

Chumba cha Kornelio kilikuwa nusu ofisi na nusu stoo ya mablanketi. Alizungumza Kibena kilichochanganyika na Kipangwa hivi kwamba Dorika, kwa mara ya kwanza tangu masika, alikaribia kucheka. Hakumpima kitu. Alimwuliza nani amefariki. Kisha akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Wote walitaka kujua alikufaje. Dorika akaeleza kwamba Ema aliogopa mabata bukini. Kwamba alirudi nyumbani likizo na chaki kwenye nywele. Kwamba alikuwa mchoyo wa karanga na mkarimu kwa vingine vyote. Alisema mpaka chai ya Kornelio ikapoa. Kornelio hakumkatiza, hakumwambia ajikaze, wala hakumsimulia misiba yake mwenyewe, jambo ambalo Makambako nzima ilikuwa imeshindwa kujizuia nalo.

Walipotoka, Hezekia alitazama mikono ya shemeji yake, mitupu, akauliza chupa ya dawa iko wapi.

"Dawa yake ni kurudi juma lijalo," Kornelio alimjibu.

Dorika akarudi, na juma lililofuata pia, akiwalipa madereva kwa maandazi. Makambako ikapata la kusema. Ilishangaza kwamba Serikali, iliyodai kodi ya kichwa hadi kwa vilema, inamlipa mtu mshahara kwa kusikiliza. Wanawake kadhaa waliulizia kimyakimya kama anaweza kuazimwa akawafundishe waume zao. Wanaume wakasema hii ni hatari, mwanamke akizoea kusikilizwa atakuwa haambiliki.

Kwa kweli si kila safari ilikuwa na faida. Siku nyingine Dorika alikaa akiangalia mablanketi mpaka saa yake ikaisha. Siku nyingine alirudi nyumbani na uchungu mkubwa kuliko alioondoka nao, akaapa hatarudi tena. Kisha siku moja Kornelio alimwuliza kama kuna mtu aliyemkasirikia. Dorika alikana. Akakana tena. Halafu akasema, "Hawakunisubiri. Shemeji yangu alimzika mwanangu kama mtu anayewahi gari."

"Ulimwambia hivyo?"

"Mzee wa kanisa anaambiwa?"

"Mama, mimi nimeyasikia, na nitayasikia kila ukija. Lakini mwenye kuambiwa maneno hayo si mimi."

Dorika akaenda Kifanya. Alimkuta Hezekia uani na mkewe Priska, wakichambua viazi vya mbegu. Wakaamkiana kwa kamwene, akapewa kigoda, naye akasema lililomleta. Hezekia alikuwa na majibu, tena yaliyopangika kama mahubiri: mvua ilikuwa inamwagika, mchungaji alikuwa na mkutano mahali pengine, watu walitoka mbali, na maiti haipendi kungojeshwa. Dorika alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yote ni kweli, shemeji," alisema. "Lakini sikumwosha. Uso wake sikuuona."

Hapo Priska akaweka chini kikapu. Yeye ndiye aliyemwosha Ema, na miezi yote ile mumewe alimkataza kulisema asije akamzidishia mama mtu uchungu. Sasa akasema, bila kumtazama mumewe. Aliyapasha maji moto, ingawa maiti haisikii baridi. Alimchana nywele, akamvalisha gauni lake la buluu.

"Alikuulizia," Priska alisema. "Nikamwambia uko njiani. Akasema basi atalala kidogo mpaka ufike."

Dorika alilia, Priska akamshika. Hezekia aliinuka, akakohoa, akafungua kinywa aseme neno la faraja.

"Keti, baba," Priska alimwambia. "Usiseme kitu."

Mzee wa kanisa akaketi. Kifanya haikuwahi kuona jambo kama hilo, na kwa bahati nzuri ya Hezekia haikuliona hata siku hiyo, maana uani walikuwa watatu tu. Baadaye walikwenda wote kaburini. Wanawake wakang'oa majani, yeye akasimama na kofia mkononi, akalia bila kifungu chochote cha Maandiko.

Dorika hakupona kama anavyopona mtu wa kidonda. Usingizi ulirudi, si kila siku. Chai ikapata majani, madereva wakakumbuka ghafla kwamba yeye ndiye rafiki yao wa zamani. Mara mojamoja alikaa nyuma ya kibanda mchana kweupe akalia, nao wakajimiminia chai wenyewe. Aliendelea kwenda kwa Kornelio, ingawa mara chache zaidi, mpaka Serikali ilipomhamisha, kwa desturi yake ya kuhamisha chochote kinachofanya kazi.

Lakini kabla Kornelio hajahamishwa, wagonjwa wa ajabu walianza kumjia: watu wazima wenye mgongo, wenye jino, wenye kiungulia cha miaka mingi, wote wakitaka kuingia peke yao na mlango ufungwe. Mmoja alitoka Kifanya, mzee mwenye kofia mkononi. Alisema ni goti tu. Alikaa ndani muda mrefu kuliko goti linavyohitaji, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akashuka ngazi polepole akichechemea kwa mguu ule usiouma.