Mbuzi wa Mejumaa

Pembe ya mbuzi wa kushoto ilikuwa imepinda, na Mejumaa aliijua pembe ile kama alivyolijua kovu la kidole chake. Nyundo ilimponyoka, ikaipinda pembe na kumjeruhi kidole, mwezi mmoja baada ya kumzika mumewe, siku ya kwanza aliyofua chuma peke yake. Leo mbuzi yule wa chuma yuko kwenye rafu ya hoteli moja ya Diani, yeye na mwenzake, wamevibana vitabu vya Kizungu katikati yao, na mbele yao kimesimamishwa kikadi.

Mejumaa alikuwa ameitwa kutengeneza bawaba za lango, si kutazama rafu. Alimwomba Jecinta, binti wa mapokezi, amsomee kile kikadi. Jecinta akasoma na kutafsiri polepole: vyuma vya kushikilia vitabu, kazi ya mkono, umri wake zaidi ya miaka mia moja, fundi wake hajulikani, alikwisha kufa zamani.

"Alikufa lini?" Mejumaa akauliza.

Jecinta akacheka, akasema hapo hapajaandikwa.

Mejumaa alirudi Msambweni roho ikimchemka. Mbuzi wa aina ile walibuniwa na marehemu mumewe, Chirau, akiwafua kwa springi za lori kuukuu, naye Mejumaa akimvutia mivukuto ya kupulizia moto. Chirau alipofariki, Swabir, mpwa wake mwenye duka la vitu vya kale, alisema kazi isife, Mejumaa afue naye auze. Sharti lake lilikuwa moja tu: pasiwe na alama yoyote. Kisha Swabir alikuwa akiwafukia mbuzi kwenye tope la mikoko kule Bodo, miezi minne, mpaka chumvi iwale. Mejumaa alijua habari ya tope. Alidhani wageni wanapenda kutu tu, kama watu wengine wanavyopenda ukoko. Hakujua kwamba kila jozi ilipofukiwa, yeye naye alikuwa anazikwa.

Asubuhi alikwenda Bodo, akapandisha buibui, akaingia topeni na jembe. Alifukua jozi tano, akazisugua kwa mchanga, akazipaka mafuta ya nazi hadi chuma kikang'aa. Jembe alilolishika lilikuwa na herufi mbili za Chirau shingoni. Mwanamume yule alitia jina hata kwenye kitu cha kuchimbia muhogo. Mejumaa akachukua tindo, akachonga ubavuni mwa kila mbuzi, mahali pasipofichika, jina lake na mwaka ule: MEJUMAA 1998. Herufi zilikwenda upande, lakini zilisomeka.

Swabir alikuja Ijumaa baada ya sala.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba."

Akainua mbuzi mmoja, na uso ukamsawijika. Alisema kazi yote imeharibika, kwamba tangu watalii wapungue hakuna mwingine atakayefika Msambweni kununua vyuma vyake, na kwamba watu wanataka vitu vya waliokufa.

"Basi wangoje nife," Mejumaa akasema. "Na nikifa, nitakufa na jina langu."

Swabir alimkumbusha undugu, akamkumbusha na njaa. Mejumaa akamkaribisha chai. Swabir hakuinywa, aliondoka mikono mitupu, na Mejumaa akabaki na mbuzi kumi na hofu tele, maana maneno ya Swabir kuhusu wanunuzi yalikuwa kweli.

Jumatatu alirudi hotelini kumalizia bawaba. Alipomaliza hakwenda zake. Aliingia mapokezi, akamwomba Jecinta amteremshie yule mbuzi wa pembe iliyopinda. Akaketi sakafuni, akamlaza mapajani, akatoa kwenye kikapu tindo na nyundo.

"Mama, hicho ni cha kale," Jecinta akanong'ona. "Fundi wake—"

"Fundi wake ni mimi."

Jecinta aliitazama pembe, akavitazama vidole vya mwanamke yule, na kovu. Kisha akaugeukia mlango wa ofisi ya meneja, uliokuwa wazi. Akaenda akaufunga taratibu, akasimama akiuegemea kwa mgongo.

Mejumaa akaiweka tindo ubavuni mwa mbuzi, akainua nyundo.