Basi la Jumanne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 21 Februari 1956, kapu lilikuwa peke yake mwisho wa jukwaa la stesheni ya mabasi, Mbeya. Reli haikuwapo, lakini watu walipaita stesheni. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya nguzo za mawe, futi tano kutoka ardhini, na lilikuwa na ngazi moja tu.

Mwenye kapu, Sekela wa Uyole, alikuwa amekaa hapo mpaka alipomwona mzee Jailos, baba wa mumewe, akipanda ngazi. Alijifunika uso kwa khanga, akaruka chini upande wa nyuma. Kwa mila ya kwao, mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawakai chini ya paa moja.

Wote wawili walikuwa na tiketi za Iringa, kila mmoja bila kujua safari ya mwenzake. Gogo lilikuwa limemvunja mguu Anyitike, mume wa Sekela, aliyelazwa hospitali ya huko, na mguu ulikuwa umeanza kuoza. Daktari mgeni alitaka kuukata Jumatano asubuhi kabla hajaondoka. Anyitike alikataa mpaka mtu wa nyumbani afike amwambie kwa mdomo wake akubali. Basi jingine lilikuwa la Ijumaa.

Nyuma ya jukwaa Sekela alimkuta Filemoni, mchukuzi.

“Kaka, mwambie karani baba asafiri. Mimi narudi nyumbani.”

“Si mpande wote? Basi lina nafasi.”

“Nikae nyumba moja na baba mkwe? Unanitukana?”

Akaondoka kwa kufuata barabara ya Uyole.

Juu, Severina, muuza chai, alimwonyesha mzee lile kapu. “Baba, mkamwana wako alikuwa hapa. Amekukimbia.”

Jailos alitazama kapu, kisha akageuka. “Maneno ya mke huingia zaidi. Mwambie karani binti apande. Mimi nakwenda Mbalizi, asinione tena.” Alishuka ngazi haraka, akashika njia ya upande wa pili.

Karani, Zubery, alipata habari zote mbili saa moja kasorobo, dirishani.

“Mwanamke amerudi, mzee anasafiri,” alisema Filemoni.

“Acha uongo! Mzee ndiye amekwenda, binti anasafiri,” alisema Severina.

Zubery aliingia ndani ya basi. Hakumkuta yeyote kati yao.

“Mzee wa kanisa mzima,” alisema. “Na yeye anashika mambo haya?”

“Kanisa liko Mbalizi, Bwana Karani,” alijibu Severina. “Mkwe yuko kila mahali.”

Filemoni alitumwa kwa baiskeli upande wa Mbalizi. Alirudi saa moja na nusu, peke yake. Mzee alikuwa amepata lori la viazi. Dereva, Yunusu, alikuwa amekwisha kuwasha injini.

“Binti yuko njia yako,” Zubery alimwambia. “Mchukue. Mwambie mzee hayumo.”

“Nitamjuaje?”

“Khanga nyekundu. Hana mzigo.”

Taarifa ya Yunusu, aliyoithibitisha utingo wake, ni hii. Kabla ya kufika Uyole walimwona mwanamke mwenye khanga nyekundu mbele yao, akitembea ukingoni mwa barabara. Yunusu alipunguza mwendo, akapiga honi mara tatu. Mwanamke hakugeuka kutazama. Alivuta khanga usoni, akaingia katika shamba la mahindi. Utingo aliteremka akaita, “Dada! Mzee hayumo! Njoo upande!” Mahindi yalitikisika, na kila alipoita yalitikisika mbali zaidi. Abiria mmoja alicheka, akasema huenda utingo anamdai nauli. Walingoja dakika kumi, wakaondoka.

Basi lilifika Iringa saa kumi na mbili jioni.

Jumatano saa nne asubuhi Zubery alipokea simu ya maandishi kutoka hospitali: ANYITIKE AMEKATAA TENA. DAKTARI AMEONDOKA.