Foleni ya Gurudumu Kubwa

Krismasi ilipopita, Mwamvita Hasani aliingia kwenye banda la foleni na ndoo ya thina ya kufutia rangi mkononi, akasimama palepale mlangoni. Ukuta alioupaka rangi nyeupe kwa mikono yake mwenyewe haukuonekana tena. Ulikuwa umejaa majina, mioyo iliyochomwa mishale, namba za simu na matusi ambayo hata mlevi angeyasoma kwa kuficha uso. Mabomba ya chuma ya kupangia watu yalikuwa yamepindwa. Benchi la wazee na wajawazito lilikuwa limechanwa kwa wembe, sponji limetoka nje kama utumbo wa sato.

Hapo ni Musoma, kwenye bustani ya michezo iliyo kando ya ziwa. Zipo bembea na vigari vya kugongana, lakini kinacholeta watu kutoka Bunda, Butiama na visiwani ni gurudumu kubwa, lile linalokupandisha juu mpaka unaona mitumbwi ya Mwigobero imekuwa midogo kama maganda ya karanga. Kabla ya kulipanda, mtu hupita kwenye banda refu lenye kuta za plaiwudi, anasubiri zamu yake. Mwamvita ndiye aliyekuwa msimamizi wa banda hilo. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa kuandika mabango ya maduka pale mjini, na yeye alikua akiosha brashi zake. Kuona rangi imeharibiwa kulimuuma kama kuona chakula kimemwagwa.

Mwenye bustani, Mzee Kasmiri, alikuja akazunguka ukuta mzima. Mwaka uliopita aliweka kibao chenye herufi nyekundu: USIANDIKE HAPA. Sasa chini yake mtu alikuwa ameandika: NIMESHAANDIKA.

"Mama Ikhlas," alisema mwishowe, akimwita kwa jina la mwanawe, "mimi nimekulia Mugeta nikichunga ng'ombe. Nilikuwaga najiambia, siku moja nitawaletea watu wetu kitu ambacho wanakionaga kwenye televisheni tu. Nimeleta. Haya ndiyo malipo?"

"Tutapaka tena, mzee."

"Utapaka mpaka lini? Kuna mtu wa Mwanza ananipigiaga simu kila mara, anataka kulinunua gurudumu. Idi ikipita hivihivi, namwambia aje na lori."

Hakuwa mtu wa kutishia. Wiki ileile alifunga seng'enge juu ya mabomba na kumpa mlinzi wake, Mseti, fimbo. Mambo yakazidi kuharibika. Waliochanwa nguo na seng'enge walilipiza kwa kung'oa plaiwudi. Akina mama waliokuja na watoto walipomwona Mseti akitembea na fimbo kama anaswaga mbuzi, waligeuza wakaenda kula samaki ufukweni.

Jumapili moja Mwamvita alivua koti la kazi, akajitanda khanga, akakata tiketi kama mteja na kuingia kwenye foleni. Hakuna aliyemtambua. Mwanzoni mwa banda mambo yalikuwa mazuri. Watu walicheka, walipiga picha, walisogea. Kisha foleni ikafika kwenye kona, ikaganda. Pale konani hewa ilikuwa nzito. Gurudumu halikuonekana, ziwa halikuonekana, hakuna aliyejua kama bado muda mrefu au mfupi. Mbele yake alikuwapo dada mmoja aliyevaa vizuri, anayenukia manukato, mtu ambaye usingemdhania ubaya wowote. Yule dada aliangalia simu, akairudisha kwenye pochi, akaangalia dari. Halafu ukucha wake ukaanza kubandua rangi pale ilipokuwa imeshabanduliwa na mtu mwingine. Alibandua polepole, wala hakuwa anajua anachofanya.

Mwamvita akageuka kutazama ukuta wote. Mwanzoni mwa banda ulikuwa karibu msafi. Uchafu wote ulikuwa konani, na kila mchoro ulikuwa umezaa mwingine pembeni yake.

Hajamaliza kufikiri, akasikia kelele. Mseti alikuwa amemkamata mtu mzima kwa kola, mwanamume mpana mwenye vumbi la saruji kwenye viatu, na msumari bado uko mkononi mwake. Ukutani palikuwa na herufi zilizochongwa kwa utulivu: CLEVER WA MUGETA.

"Mpelekeni polisi!" Mzee Kasmiri alifoka alipoitwa. Kisha akasoma jina la kijiji, akazidi kukasirika. "Na ni wa kwetu! Huna aibu?"

Yule mtu aliinamisha kichwa. Mwamvita akasogea.

"Kaka, kwa nini umeandika?"

"Nisamehe, mama. Mimi ni fundi wa lipu. Nimesafiri kutoka kwetu kuja kuona hiki kitu, na sijui kama nitarudi tena. Nilitaka tu ijulikane kwamba nilifika. Siku mwanangu akija, aone baba yake alifikaga hapa."

Mseti alicheka. Mwamvita hakucheka. Alirudi kuusoma ukuta, safari hii kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Ukiondoa matusi, karibu kila mtu alikuwa amesema jambo moja: Nyangi alikuwa hapa. Bernado na Benedikta, Bunda. Evance, Butiama, tumefika.

"Mzee," alisema, "usimpeleke polisi. Niachie mimi. Na hili banda niachie mpaka Idi."

"Utafanya nini?"

"Nitawapa ukuta wa kuandikia."

Mzee Kasmiri alimtazama kana kwamba jua limempiga. "Mwizi unampa ufunguo?"

"Hawa siyo wezi. Wamesimama gizani hawana la kufanya, na wanataka kujulikana. Tukiwapa la kufanya na pa kujulikana, hawatagusa kingine. Nikishindwa, mwite mtu wako wa Mwanza, nami nitamsaidia kupakia."

Mzee akautoa mkono wa Mseti kwenye kola ya Clever. "Mpaka Idi," alisema.

Kazi ilianza kesho yake. Seng'enge ilitolewa. Plaiwudi ya konani iling'olewa yote, pakawekwa wavu mpana wa chuma. Upepo wa ziwa ukaingia, na mtu aliyesimama pale akaliona gurudumu likipanda na kushuka, akaona na yeye anakaribia. Clever, aliyeomba mwenyewe kulipa kosa lake kwa kazi, alizijenga upya kuta zilizobaki kwa tofali na kuzirushia lipu ya kokoto ndogo kwa mwiko, ikakwaruza kama mgongo wa mamba. Msumari juu yake ulirukaruka tu, kalamu ilivunjika ncha. Benchi la sponji likawa la mbao ngumu.

Halafu Mwamvita akachukua brashi za baba yake. Ukuta mmoja, ule mrefu unaotazamana na ziwa, aliuacha laini na kuupaka rangi nyeusi ya ubao wa shule. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa za njano, zenye vivuli kama za mabango ya zamani: LEO UMETOKA WAPI? Chini akatundika makopo ya chaki. Kila jioni kabla ya kufunga aliupiga picha ukuta, akaiweka getini na kwenye mtandao wa bustani, kisha akaufuta. Mtu akirudi nyumbani angeweza kuwaonyesha ndugu zake: huyu hapa ni mimi. Na alama yoyote iliyochorwa mahali pengine ilifutwa siku hiyohiyo, isilale ikaita wenzake.

Mseti alinyang'anywa fimbo, akapewa kazi ya kugawa chaki. Alinuna siku chache. Siku ya tatu akasikika akimwambia bibi mmoja aliyetoka Majita, "Andika kwa herufi kubwa, mama, Majita nzima ionekane."

Idi ikafika, na watu wakamiminika. Waliotoka swala walikuja na kanzu zao, wavuvi wa Kikristo wakaja na wake zao, malori yakaleta watu wa Bunda. Foleni ilijaza banda ikamwagikia nje hadi kwenye bembea. Mchana, jua likiwa kali, umeme ukakatika. Gurudumu likasimama, watu wakining'inia juu wakipiga mayowe, na jenereta likagoma kuwaka.

Mzee Kasmiri alikimbilia kwa fundi wa jenereta. Mwamvita alibaki na foleni. Dakika za mwanzo watu walivumilia. Kisha kijana mmoja wa Bunda, Khalidi, akaanza kulitikisa bomba la chuma. Wenzake wakamfuata. Bomba likalia. Mseti akamtazama Mwamvita kwa macho yaliyokuwa yanauliza fimbo iko wapi.

Mwamvita akapanda juu ya benchi.

"Jamani! Watu wa Bunda wako wapi?"

Kelele ikapanda kutoka kwa wale vijana, bado yenye hasira.

"Mbona ukutani siwaoni? Naona Butiama imejaa kuanzia juu mpaka chini. Bunda mmekuja wawili?"

Butiama wakashangilia. Khalidi akaacha bomba. "Wawili? Lete chaki!"

"Na Musoma mmelala? Wenyeji mnashindwa nyumbani kwenu?"

Banda likalipuka. Makopo ya chaki yalipita juu ya vichwa. Watu waliandika vijiji, vitongoji, visiwa, wakabebana mabegani ili wafike juu. Mama mmoja akaanza kuimba kila jina la kijiji linapoandikwa, na waliotoka huko wakamwitikia kwa vigelegele. Katikati ya shangwe mtu mmoja alitoa kisu akasogelea nguzo ya mlango iliyopakwa rangi. Mwamvita alimwona, lakini kabla hajafungua kinywa Khalidi alikuwa ameshamshika mkono.

"Kaka, weka kisu. Chaki hii hapa. Huu ukuta ni wetu."

Jenereta likanguruma. Gurudumu likatikisika, likaanza kupanda, na sauti iliyotoka bandani ilisikika mpaka sokoni Mwigobero.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Mzee Kasmiri alipita bandani taratibu, akipapasa lipu kwa kiganja. Alipapasa mabomba, nguzo, benchi. Hakukuta hata mkwaruzo mmoja. Alipofika kwenye ukuta mweusi alisimama. Haukuwa na nafasi ya kuweka kidole; Mugeta pekee ilikuwa imeandikwa mahali pengi hata akashindwa kuimaliza.

Akatoa simu, akapiga akiwa amesimama hapohapo.

"Wa Mwanza? Ndiyo, ni mimi. Gurudumu siuzi. Sikiliza, wewe si una treni ndogo ya watoto? Hiyo unaiuza?"

Mwamvita, aliyekuwa amekuja kuufuta ukuta, alitupa kitambaa hewani na kupiga kigelegele, na Mseti, mtu mzima na sare yake, akajibu kwa kigelegele chembamba kuliko chake.