Mkaguzi Hapewi Kisogo

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa amefeli ukaguzi mara mbili, na akifeli wa tatu, kazi ndiyo basi. Kosa lilikuwa lile lile: "Wanafunzi humpa mwalimu mgongo."

Ni kweli walimpa. Kanuni inataka mkaguzi aketi nyuma ya darasa, na watoto wale wamefunzwa nyumbani kwamba mgeni mtu mzima hapewi kisogo. Basi kila mkaguzi alipoketi, darasa zima liligeuka kama alizeti. Mwalimu alijua sababu. Lakini naye alilelewa vivyo hivyo: angeanzia wapi kumwambia mkubwa wake ahame?

Siku ya ukaguzi wa tatu akaja mkaguzi mwingine, mama mnene mwenye miwani, akaketi nyuma. Madawati yakakwaruza sakafu. Vichwa arobaini vikamgeukia.

"Tano jumlisha nne?" mwalimu aliviuliza visogo, na moyoni akiomba, Ee Mola, nisitiri.

"Tisa, bibi!" wakamjibu mkaguzi.

Mkaguzi akashika kalamu, kisha akaishusha. "Nyie, mbona mnanikodolea mimi?"

Kasichana ka dawati la mwisho, ambalo sasa lilikuwa la kwanza, kakasimama. "Mama amesema ukimpa mzee mgongo, umemtukana."

"Mzee nani?"

"Wewe, bibi. Mzee sana."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. Mkaguzi akacheka hadi miwani ikamteleza puani.

"Mwanangu, ulilijua hili?" akamuuliza mwalimu.

"Nililijua, mama."

"Ukanyamaza?"

"Ningemhamishaje mkubwa, mama?"

"Yaani ukaona heri ufukuzwe na adabu zako!"

Akabeba kiti mwenyewe, akakiweka kando ya ubao. Darasa likageuka tena, kwaruu. Pale fomu ya ukaguzi ilipouliza kama wanafunzi humtazama mwalimu, akaandika: "Aliyekosea kukaa ni mkaguzi." Akasikiliza somo hadi mwisho.

"Umefaulu," akasema kengele ilipolia. "Ila sasa nimekuona vizuri: unafundisha kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Punguza mwendo. Wiki ijayo nitarudi, tulitazame somo lako pamoja."

Mwalimu akashusha pumzi. Akatazama chini, akajikaza.

"Basi uje asubuhi, mama. Mchana wanasinzia."

"Hata mimi, mwanangu," akasema mkaguzi, akatafuta mlango.