Daftari la Miche

Mimi ndiye niliyeandika daftari lile, na sitaki mtu anifariji.

Nilifanywa katibu wa kikundi chetu cha kulinda mikoko kwa sababu moja tu, mwandiko wangu unasomeka. Kazi yangu ni cherehani. Mwenyekiti alikuwa shangazi yangu, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabla ya tope. Nyuma ya jiko lake ndipo mikoko ilipoanzia, mirefu, imeshikana, imesimama kati yake na bahari tangu hajazaliwa. Bila mikoko ile, bahari ikijaa sana ingeingia mpaka jikoni. Alilijua hilo kuliko afisa yeyote.

Kila Jumamosi tulishuka topeni, watu kumi na wanane, kupanda miche pale ukingoni palipobaki upara. Mche wa mkoko ni dhaifu. Mawimbi huung'oa, kaa huutafuna. Kwa hiyo nilibuni utaratibu: vitambaa vya mabaki ya cherehani yangu, cha kijani kwa mche uliosimama, chekundu kwa uliokufa. Mzee Mabuti, tuliyemwita hivyo kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na mabuti ya mpira na hakuwahi kumwazima mtu, alipita akitaja rangi, nami nikiandika. Safu mbili tu, iliyo hai na iliyokufa. Sikutia chumvi hata siku moja. Vikundi vingine huandika walichopanda, kilichokufa wakakinyamazia. Sisi tuliandika ukweli, na kichwa kilinivimba kwa ajili hiyo.

Siku moja shangazi aliniuliza, "Na ile mikubwa huiandiki?"

"Kwani tuliipanda sisi, shangazi?"

"Hatukuipanda, lakini ipo."

"Sasa nani asiyejua kwamba ipo?"

Nikacheka, na wenzangu wakacheka. Yeye alitikisa kichwa, akaendelea kufukia mche wake.

Mwaka wa nne tukasikia kuna watu wameliomba eneo lile wajenge maghala. Tuliitwa ofisi ya ardhi kutoa maoni. Tulikwenda tumepiga pasi, hata Mzee Mabuti alivaa viatu, nami nikamkabidhi afisa daftari kwa mikono miwili. Alikaa nalo wiki tatu.

Alipotuita tena alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma taratibu. Miche iliyopandwa, elfu nne na mia moja. Iliyokufa, elfu tatu mia nane themanini na minane. Iliyo hai, mia mbili na kumi na miwili, na hiyo akaihesabu kuwa ndiyo mikoko yote ya eneo lile.

"Ninyi wenyewe mmeonyesha kwamba pale mikoko haioti," alisema.

"Na ile mikubwa?" shangazi akauliza.

"Mikubwa ipi, mama? Mimi nafuata kilichoandikwa, na maandishi yaliyopo ni haya yenu tu."

"Njoo uione basi. Ni mwendo wa nusu saa."

"Uamuzi umeshapita, mama."

Mzee Mabuti alinitazama. Nilitamani anitukane. Shangazi hakunitazama kabisa, akatangulia mbele njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimejipalia makaa mwenyewe, na jiko lilikuwa lake.

Tulikata rufaa. Ilirudi na mhuri na sentensi moja. Kisha zikaja mashine, zikafanya kazi siku mbili.

Jumamosi iliyofuata shangazi alinigongea mlango asubuhi, daftari tulilorudishiwa ofisini likiwa kwapani. Nilidhani amekuja kunitupia usoni. Nilikuwa tayari kulipokea.

"Twende," alisema. "Kuna kazi."

Topeni palikuwa peupe. Ukisimama katikati ya visiki uliiona bahari yote mbele, na ukigeuka uliuona mlango wa jiko lake, hakuna cha kuvitenganisha. Aliinama kwenye kisiki cha kwanza, akakishika juu kwa kiganja.

"Mmoja," alisema.

Nikaanza kulia.

"Utalia baadaye. Andika."

Tulihesabu mpaka jua likawa la utosi, yeye akitaja, mimi nikiandika kwa mwandiko wangu unaosomeka. Ilikuwa mikoko mia sita na mitatu. Ndivyo ile mikubwa ilivyoingia daftarini kwa mara ya kwanza, kwenye safu ya iliyokufa.