Wanyama wa Mutunga Wanarudi Nyumbani

Jumanne moja ya mwaka 1979, Kalekye alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa chumba chake, katika ploti ya Bwana Ephantus Kiragu, Kawangware 46, akimpiga msasa twiga wa mbao aliyechongwa na fundi wa jirani. Wanawake walikuwa wamepanga foleni bombani, madebe mbele, umbea nyuma. Kobe wa baharini akaingia langoni, mpana kama karai la kufulia, akashika mkia wa foleni.

"Huyu ni wa nani?" akauliza Wakarima, jirani wa chumba cha pili, mama ambaye hata paka hakuzaa katika ploti ile bila yeye kuulizia baba.

Foleni ikasonga, kobe naye akasonga. Zamu yake ilipofika Wakarima akamfungulia maji, maana foleni ni foleni. Kobe akayaonja, akayatema kwa kukosa chumvi, kisha akavuka ua moja kwa moja hadi kwa Kalekye na kumwekea kidevu gotini.

Kalekye alimtazama miguu kwanza. Kobe wa baharini, ambaye watu wa pwani humwita kasa, hana vidole. Ana mapezi mapana ya kuogelea. Huyu alikuwa na vidole na kucha, kama kobe wa vichakani kule Kitui. Akampindua chali. Alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea, zote zililalia upande wa kulia tumboni, na fundi pekee ambaye Kalekye alimjua kuwa anachonga kwa mkono wa kushoto alikuwa mumewe.

"Ni wa Mutunga," akasema.

"Basi hapo amefika," Wakarima akasema, akageukia debe lake.

Mutunga alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia. Serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara ya ngozi na pembe, watalii wakabaki na wanyama wa mbao, na Kiragu, mwenye ploti, mwenye duka la vinyago mjini na mwenye lori, hakuwa mtu wa kungoja aambiwe mara mbili. Alisikia kuna hoteli katika kisiwa kimoja cha pwani, kisiwa chembamba kama ukanda, mchanga mtupu, mikoko nyuma na bahari kuu mbele. Wageni walikwenda kule kutazama kasa wakitaga na ndege wakivua, na walitaka kurudi kwao na wanyama hao kwenye sanduku. Kiragu akampakia Mutunga, fundi aliyekuwa hajaiona bahari hata kwenye kalenda.

"Na hao kobe za bahari utawatoa wapi kichwani?" Kalekye alimuuliza siku ile.

"Kobe ni kobe," Mutunga akamjibu. "Krismasi nitakuwa hapa."

Krismasi ilikuja peke yake.

Kwa mafundi wa Ukambani, mume huchonga na mke hupiga msasa. Kazi ambayo haijapitia mikononi mwa mke haijatoka nyumbani, hata kama imeshafika Ulaya. Kule kisiwani Mutunga hakuwa na mke, na Kiragu alishasema hoteli ina haraka. Kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa imejitafutia njia ya kumfikia mke. Kalekye akachukua msasa mkali, halafu ule laini, akamaliza na rangi nyeusi ya viatu. Kobe alivumilia yote. Alipong'aa alifumba macho, akaacha kupumua, akawa kinyago. Jumamosi Kiragu alipita na lori kama kawaida, akamchukua pamoja na twiga.

Baada yake wakaja wengine. Kaa waliingia kwa kupenya chini ya ua wa mabati, wakalala ndani ya viatu, na watoto wakazoea kuvikung'uta kabla ya kwenda shule. Korongo mmoja mwenye magoti ya mbuzi alisimama juu ya paa la Wakarima kwa majuma mawili, na Wakarima akalalamika tu kwamba anamzuilia bati kukauka. Kila mnyama alikuja na mchanga wake. Kiragu akausomba, akajengea vyumba viwili vya ziada pale palipokuwa kamba za nguo. Kuta za vyumba hivyo zilitoka jasho la chumvi mwaka mzima, lakini wapangaji walipatikana. Nairobi hii mtu hupangishwa hata kivuli.

Siku moja akaja afisa wa wanyamapori, maana mtu alikuwa amepeleka habari kwamba Kawangware kuna kasa bila kibali. Alimgonga mmoja mgongoni kwa kidole, akasikiliza.

"Hii ni mbao," akasema.

"Ni mbao," Kalekye akakubali.

Kasa alimpisha njia, afisa akaenda zake.

Mnamo Machi mwaka uliofuata akaja kasa mwenye mapezi. Yalikuwa mapezi yenyewe, marefu ya mbele na mafupi ya nyuma, yaliyopinda kidogo nchani. Hakukuwa na kidole hata kimoja. Kalekye alimshika kwa muda mrefu bila kuanza kazi. Ameiona bahari, alijiambia. Amekaa mchangani, akamtazama kasa akipanda kutaga, akatikisa kichwa kwa ujinga wake wa jana na kucheka peke yake, kile kicheko chake cha puani. Kalekye alifurahi, na furaha ileile ikamchoma, kwa kuwa mumewe sasa alikuwa na kitu kikubwa hivyo machoni na yeye hakuwepo wa kuambiwa. Alimtamani. Alitamani hata vumbi lake la mbao kitandani, ambalo zamani walikuwa wakigombania kila Jumapili.

Jumamosi akamzuia Kiragu mlangoni.

"Bwana Kiragu, Mutunga anarudi lini?"

"Mutunga ako sawa, Mama Mwende. Anakula samaki mpaka ananenepa. Sasa kama mtu amekataa kurudi, mimi nitamfunga kamba?"

Mwende alikuwa binti yao, aliyebaki kwa nyanya yake Machakos, na Kalekye alishukuru kwamba hakuwepo kusikia.

Aliyaamini maneno yale kwa siku kadhaa. Mwenye kungoja huamini chochote, mradi kina jina la anayemngoja. Lakini mikono yake ilikuwa ikisoma habari nyingine. Miti ilibadilika. Kasa walianza kuja wakiwa wa mbao za sanduku la matunda, kisha wa ubao wa mashua mbovu, ungedhani mtu aliyekuwa akipewa magogo sasa ameachwa ajiokotee. Alama za tezo zikaanza kuyumba. Kaa mmoja alikuja amechongwa kwa mkono uliotetemeka kiasi kwamba Kalekye alimfunga kwenye kanga na kumweka karibu na jiko, kana kwamba homa ile ilikuwa ya kaa. Halafu kukawa kimya. Lango likaingiza watu tu.

Nguva alifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Alikuwa mkubwa kuliko kitanda. Kichwa chake kilikuwa kimekamilika, na ile midomo minene ya mnyama anayekula majani chini ya bahari, na kifua, na pezi moja. Kuanzia hapo alikuwa gogo na magome yake. Kwa kuwa alijisukuma kwa pezi moja, alikuwa akizunguka zaidi ya kwenda, na barabara yote kutoka Riruta Satellite ilikuwa na duara lake juu ya duara. Pale palipostahili kuwa na pezi la pili, tezo lilikuwa limekita kwenye gogo.

Musau, fundi kijana wa chumba cha mwisho, aliliona akavua kofia.

"Mama Mwende, fundi haachi tezo kwa gogo."

"Najua."

Kila mtu wa kazi ile anajua. Hata ukienda kunywa maji unaling'oa na kulilaza kando. Tezo linalobaki kwenye mti ni la mtu ambaye hakuinuka. Kalekye akalala chini kando ya nguva, nguo za kanisani na zote, akalia kwa sauti, na Wakarima, ambaye siku hiyo hakuuliza lolote, akaketi karibu yake akimfukuzia nzi.

Jumamosi Kalekye alimwonyesha Kiragu lile tezo, naye hakukana.

"Ilikuwa malaria," akasema. "Tangu mwezi wa nne. Walimzika huko huko kwa mchanga, nyuma ya hoteli. Nilikuwa nangoja wakati mzuri nikuambie."

"Ulikuwa unakuja hapa kila wiki."

"Na kila wiki nikakuta uko na kazi mingi."

"Nipeleke kwa kaburi."

"Lori imejaa."

"Imejaa nini?"

"Vyakula ya hoteli. Na wiki ijayo itabeba fundi." Alimtazama Musau, na Musau akatazama viatu vyake. Kiragu akampapasa nguva kichwani kama mtu anayenunua ng'ombe. "Huyu mmalizie. Atakuwa pale mlangoni ya duka."

Baada ya hapo Kalekye hakulala vizuri. Akimpiga msasa, nguva atafumba macho na kuuzwa. Akimwacha, atabaki kuzunguka uani na pezi lake moja, na atakuwa wake, kitu cha mwisho ambacho mkono wa Mutunga ulikigusa. Alikuwa na joto, yule nguva. Usiku Kalekye alimsikia akipumua nje ya mlango, na ilikuwa vigumu kutojidanganya.

Siku ya nne aling'oa tezo. Wanawake wa kwao hawalishiki. Mama mmoja akafungua kinywa; Wakarima akamkanyaga mguu. Kalekye alichonga kwa mkono wa kulia, polepole, akikosea, akirudia, hadi Jumamosi asubuhi pezi la pili likatoka kwenye gogo. Halikufanana na lile la kwanza. Alama zake zililalia kushoto, na pale begani zilipokutana na alama za Mutunga aliziacha zilivyo. Msasa hakuugusa. Akainama sikioni mwa mnyama, akamwambia jina lote, Mutunga wa Munyao, ili asipotee njiani kwenda kaburini.

Nguva akajaribu. Alikwenda moja kwa moja, akatoka langoni bila kuaga.

Kiragu alifika asubuhi ileile kumchukua fundi mpya. Aliambiwa nguva ameshaondoka.

"Haijapigwa msasa, haiuziki," akasema, bila hasira, akafungua mlango wa nyuma wa lori.

"Musau," Kalekye akaita. "Usiende."

Musau alikuwa tayari juu, amekalia gunia la viazi, tezo lake jipya mapajani.

"Mama Mwende, nikibaki hapa nitakula nini?"

Lori likaondoka. Lilimfikia nguva kwenye maduka ya Satellite, akiwa amejishikia ukingo wa barabara kwa adabu, likampigia honi, likampita.

Jioni Ngina, mkewe Musau, alitoka na kigoda chake akakiweka karibu na cha Kalekye. Walikaa, wote wawili wakitazama lango.

"Mnyama wa kwanza," Ngina akauliza hatimaye, "huwa anachukua muda gani kufika?"

"Wa kwanza huwa anachelewa," Kalekye akasema, akamsogezea kigoda pale ambapo lango linaonekana vizuri.