Kasuku ya Majani

Wacha niungame mapema. Hii hadithi nimeisimulia kwa harusi mbili na matanga moja, na kila mara nilisema aliyekosea ni Nerima. Si yeye. Nerima aliulizwa swali moja, akajibu neno moja, na neno lenyewe lilikuwa sawa kabisa. Aliyekosea ni bwana yake, Wekulo, na alikuwa ameshika brashi.

Wekulo alikuwa karani wa stoo kwa kiwanda cha blanketi, na huko stoo hata kamba ilikuwa na jina lake. Nyumbani Kariobangi mambo yalikuwa mengine. Nerima hakujua kutupa chombo cha plastiki. Mtungi ukipasuka aliukata katikati, nusu ya juu ikawa kata ya kuchotea maji, nusu ya chini ikapandwa vitunguu. Mwingine alikuwa ameutoboa na kuuning'iniza kando ya choo. Ukichomoa msumari unanawa, ukiurudisha maji yananyamaza. Lakini kabati ndiyo ilikuwa kasheshe. Ilijaa kasuku, ile mikebe ya njano ya mafuta ya kupikia, yote sawasawa kama watoto wa shule. Ukitafuta sukari, ya kwanza unapata vifungo, ya pili njugu, na ukifika ya tatu chai imeshapoa.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na tatu, Wekulo akatoka sokoni Gikomba na kakopo ka rangi nyeusi. Akapanga kasuku zote mezani akaanza kuziandika. CHUMVI. VIFUNGO. NJUGU. Akafungua moja, akaona vipunje vyeusi, vidogo kama vumbi. Akachungulia dirishani. Nerima alikuwa anafunga kitambaa, amechelewa mkutano wa akina mama kanisani.

"Mama Nabiswa, hii ya vitu vyeusi ni ya nini?"

"Ya majani," Nerima akasema, na huyo akaenda.

Wekulo akaandika MAJANI. Nani angemlaumu? Ukisema majani pale Nairobi, mtu anaweka maji ya chai jikoni.

Saa nane Wacuka wa nyumba ya pili akabisha. Siku ya Jumanne alikuwa amewaletea githeri, mahindi na maharagwe, kwa kasuku yake.

"Baba Nabiswa, nimekuja kuchukua chombo. Nina wageni leo, akina mama wa chama."

Wekulo akaangalia meza. Zote njano. Na chombo cha jirani hakirudi kitupu, hiyo hata mtoto anajua. Akachukua ile ya MAJANI akampa kwa mikono miwili.

"Tumekuwekea kitu kidogo, Mama Thuo."

"Majani! Na yangu yameisha. Mungu amekutuma."

Wekulo akarudi kwa brashi yake, moyo mweupe.

Saa kumi Nerima akarudi mbio. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Dandora, na hata hakuvua kitambaa.

"Leo inanyesha. Wacha nipande." Akafungua kabati. "Baba Nabiswa, mbegu ya mama iko wapi?"

"Mbegu gani?"

"Si ile uliniuliza asubuhi? Ya majani. Ya saga."

Wekulo akaweka brashi chini, polepole.

Mama yake Nerima walikuwa wamemzika Desemba, huko Bungoma. Kwao majani ni mboga, na saga ya huyo mama ilikuwa mboga ya shina jekundu, haina uchungu mwingi, na mbegu alikuwa anajiwekea mwenyewe tangu alipoolewa. Baada ya mazishi kaka yake Nerima alilima kila mahali akapanda miwa mpaka mlangoni. Kilichobaki cha huyo mama ni kile Nerima alifunga kwa leso, akaja nacho kwa basi, akakitia kwa kasuku kungoja mvua.

"Nimempa Mama Thuo," Wekulo akasema. "Nilidhani ya chai."

Nerima akaacha kabati wazi. Alitoka tu, na Wekulo nyuma yake.

Kwa Wacuka walikuta akina mama sita wameketi, kila mmoja na kikombe, kila mmoja na sura ya mtu aliye msalabani. Wacuka akamvuta Nerima kando.

"Mama Nabiswa, usikasirike nikikuuliza. Hayo majani ya kwenu hupikwa aje? Nimetia vijiko vitatu, chai nyeupe. Nikaongeza. Mwisho nimetia yote sufuriani. Rangi imekataa, uchungu ndio umekubali."

"Na mmekunywa?"

"Si ni zawadi? Waruguru yule pale ameongezewa, anasema inafungua kifua."

Nerima akaanza kucheka, halafu kicheko kikamkatikia akaketi kwa kigoda cha jikoni. Wekulo ndiye alieleza, akiangalia viatu vyake. Wacuka akashika mdomo.

"Mkebe sijauosha," akasema baadaye kwa sauti ndogo. "Niliuona si wangu, wangu umeungua ukingoni. Nilikuwa najiuliza niurudishe na nini."

Nerima akauchukua. Ndani, tupu. Akageuza kifuniko. Kila mama anajua kile kimfereji cha kifuniko cha kasuku, ndiko sukari hujificha. Akachomoa pini kwa nywele akaanza kukwangua juu ya kiganja. Akina mama wakaacha vikombe wakasogea. Zilitoka mbegu kumi na tisa.

Jioni hiyo alizipanda kwa nusu ya mtungi, akaiweka dirishani kuku wasifike. Halafu akachukua brashi ya Wekulo na kuandika ubavuni: SI YA CHAI.

Wekulo akajipa kazi ya kumwagilia. Alitoboa kasuku moja matundu madogo kwa msumari wa moto, na kila asubuhi kabla ya kazi akanyunyiza. Siku ya tano, udongo. Siku ya saba, udongo. Nerima hakumlaumu, na hiyo ndiyo ilimchoma zaidi.

Siku ya tisa akasimama mbele ya ule mtungi na kasuku yake ya matundu. Jambo moja mlijue: kwao mtu hakaribiani na mama mkwe. Miaka kumi na mmoja Wekulo hakuwahi kumpa mkono yule mama. Alikuwa akimsalimu kutoka ng'ambo ya uwanja, macho yakiwa kwa migomba. Basi hata sasa akageuza uso, akautazama ukuta wa Wacuka kama inavyotakiwa.

"Mama," akasema polepole, "nakuomba, hata mche mmoja tu."

Maji yakaendelea kudondoka kwenye udongo.